Sarafu Niliyoifunga Kinenani

Vijana wa kwaya mmeniuliza kwa nini siji kubeba vyuma pale nyuma ya kanisa. Mmeniita mzee, mmeniita mvivu, na mmoja wenu, simtaji, ameniita "fundi sindano" huku anajipigapiga kifua. Mchungaji amenipa nafasi leo niwajibu. Nitajibu. Akina mama mtanivumilia, maana ugonjwa wangu ulikaa mahali ambapo hapatajwagi kanisani.

Mimi Masatu ni fundi cherehani, mnanijua. Lakini wengi wenu hamkunijua miaka ile ya shida, sabuni inapangiwa foleni na kitambaa kikifika dukani kinaisha kabla hujavaa viatu. Wakati ule nilikuwaga mtu! Kola ikichakaa naigeuza, inakuwa mpya. Suruali ya baba iliyotoboka magoti natoa kaptura mbili za watoto. Watu walitoka Bugwema na mahindi begani, wananisubiri kibarazani tangu asubuhi. Mke wangu, Mama Majura, akipita sokoni Mwigobero kununua dagaa anaamkiwa kwa sababu yangu. Nilikuwa mwembamba hivi hivi mnavyoniona, na hakuna aliyeniambia nimekonda.

Halafu mambo yakafunguliwa, mitumba ikaingia. Shati zima, lenye vifungo vyote, bei ya chini kuliko uzi wangu. Nani tena alete kola igeuzwe? Nikawa nakaa na cherehani yangu tunatazamana. Na aliyenichukulia wateja hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa Magesa, rafiki yangu, kijiji kimoja huko Majita. Tulitahiriwa asubuhi moja, yeye mbele, mimi nyuma yake. Mwenzangu akapata njia ya marobota ya mitumba, akafungua meza Mwigobero, akajenga hapa Bweri, tena karibu na kwangu. Uzio wa minyaa tu ndio ulitutenga.

Hayo ningeyameza. Riziki Mungu ndiye anagawa. Ila Magesa alikuwa na vyuma. Alimimina zege kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, akayaunganisha kwa bomba, na kila jioni anavua shati uwanjani kwake anabeba. Anahema kwa sauti, "hiii, hiii," mpaka kuku wanakimbia. Minyaa yetu ilikuwa mifupi. Mke wangu anaanika nguo, mimi namtazama mke wangu, mke wangu anatazama wapi? Sikupenda.

Siku moja tulienda wote Mwigobero kumtafutia mtoto kisweta. Magesa alikuwa kavaa fulana ya mtumba iliyombana. Robota limeshushwa kwenye gari, vijana wawili wanalivuta, halitoki. Akawaambia, "Pisheni." Akainama, akalikumbatia, akalipandisha begani peke yake. Mama Majura akaweka mkono mdomoni, akasema, "Aisee! Mwanaume huyo!"

Na mimi nimesimama pale pale, nimeshika kisweta.

Jamani, wivu ni kitu kibaya. Sikula mchana ule. Samaki alipikwa, sato mzima, nikamwona kama gome la mti. Kesho yake nikachukua ekseli ya mkokoteni uliokufa, nikafunga madebe mawili, nikayajaza mchanga wa ziwani. Nikajificha nyuma ya choo, nikaanza kubeba. Hakuna aliyenifundisha. Nilibana pumzi, nilipinda mgongo, nilivuta kwa hasira. Kila nikinyanyua nalisikia lile neno: mwanaume huyo, mwanaume huyo.

Kifua hakikuota. Kilichoota ni uvimbe, kinenani, upande wa kulia. Mwanzoni kama yai la kanga. Nikikohoa linatoka, nikilala chali linarudi lenyewe, tena linakoroma kidogo. Lilikuwa zito, linavuta mpaka kwenye korodani. Nilijua si kitu kizuri. Lakini nimwambie nani? Huku kwetu mwanaume uliyesimama mbele ya kisu bila kukunja uso, halafu uje ulie kwa sababu ya debe la mchanga! Na ningemwambia mke wangu nini, kwamba nimevimba kwa kumfukuzia Magesa? Bora kufa.

Hapo ndipo nikafanya ujinga ambao sijausikia kwa mtu mwingine. Majura wangu alikuwa mchanga, na kitovu chake kilitokeza nje. Mama mkwe alikuja kutoka Butiama, akaweka sarafu juu ya kitovu, akaifunga kwa kitambaa kuzunguka tumbo, kama wanawake wetu wanavyofanyaga. Kitovu kikawa kinarudi taratibu. Mimi nikawaza: kama sarafu inarudisha cha mtoto, changu kitashindaje? Mtoto akiwa amelala nikaichomoa ile sarafu. Nikakata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, nikaiweka sarafu juu ya uvimbe, nikakaza. Nikaendelea kubeba.

Mama Majura akatafuta sarafu nyumba nzima. "Baba Majura, sarafu ya mtoto hujaiona?"

"Mimi na sarafu ya mtoto wapi na wapi?"

Basi akamshuku mke wa Magesa, kwa kuwa ndiye aliyempakata mtoto juzi yake. Wakanuniana. Mimi, badala ya kusema ukweli, nikafurahi. Nikaona sasa hatakwenda tena kule ng'ambo ya minyaa kuomba moto. Mnaona wivu ulivyonifikisha?

Ikaja Jumapili moja, tumetoka ibada. Magesa ananiita kwa uzuri kabisa, hana baya moyoni: "Fundi, njoo tubebe wote! Utaoza kwenye hiyo cherehani."

Ningekataa. Lakini mke wangu alikuwa amesimama uwanjani kwetu, mtoto mgongoni, anatazama. Nikavuka minyaa. Lile zege lilikuwa zito kuliko mchanga wangu mara nyingi. Nikabana pumzi, nikavuta, likapanda. Ndani yangu nikasikia kitu kinachanika, kama kitambaa cha zamani kinavyochanika kwenye mshono. Sikukunja uso. Nilisimama na chuma juu, uso mkavu, jasho linaingia machoni. Na Mama Majura akasema, "Heh! Baba Majura!"

Kwa neno lile nikashusha, nikabeba tena. Mara ya kwanza iliniumiza. Ya pili ndiyo ilitaka kuniua.

Nilirudi nyumbani natembea kama mtu anayebana yai mapajani. Nikalala chali, nikasukuma ule uvimbe urudi kama siku zote. Haukurudi. Ulikuwa mgumu kama jiwe, moto, hata shuka likigusa naona nyota. Usiku ule tumbo likaanza kujaa. Nikatapika chakula, nikatapika nyongo, kulipokucha nikatapika maji ya rangi ya matope yenye harufu ya choo. Hewa haitoki juu wala chini. Mama Majura akaniuliza, "Wapi panauma?" Nikasema, "Nimechoka tu." Akanitazama midomo ilivyokauka, akatoka nje, akapiga yowe.

Na jirani anayesikia yowe ni nani? Magesa.

Gari hakuna, petroli ilikuwa ya kutafutwa kama dawa. Magesa hakuuliza. Akageuza mgongo, akasema, "Mpandishe." Akanibeba kutoka Bweri mpaka hospitali mjini, jua la mchana, bila kunitua hata mara moja. Mke wangu anakimbia nyuma na mtoto. Mimi nimelazwa juu ya mabega yale yale, nayasikia yanavyocheza chini ya kidevu changu, na katikati ya maumivu ya kufa bado nawaza: kumbe ndivyo yalivyo. Nikamtapikia shingoni. Mungu ananiona, kidogo nilifurahi.

Hospitali wakanilaza, nesi akanivua suruali. Akakuta mpira wa baiskeli. Akaukata, na sarafu ikaanguka sakafuni ikalia ngli, ngli, mpaka miguuni kwa mke wangu. Kinenani ikabaki alama yake, duara imezama kwenye nyama nyekundu.

Mama Majura akaiokota. "Sarafu ya mtoto!" Akacheka, akalia, sikujua ni kipi. "Baba Majura, umemwibia mtoto sarafu ya kitovu?"

Daktari alikuwa kijana mpole. Akaninyooshea kidole: "Mzee, hii ni ngiri. Kitovu cha mtoto huwa kinajifunga chenyewe kadiri anavyokua, sarafu inapewa sifa za bure. Yako haijifungi. Utumbo umetoka, umenaswa, damu haifiki. Tukichelewa unaoza."

"Nitapona?"

"Tukifungua sasa hivi, naamini."

Wakati ule hospitali haikuwa na vitu, ndugu ndio wananunua. Aliyekimbia madukani kununua glovu na uzi ni Magesa. Mimi fundi cherehani, nimeshonwa kwa uzi wa Magesa. Mpaka leo nikioga nauona ule mshono. Umepinda. Ningejishona mwenyewe ningenyoosha.

Wakanichoma sindano ya mgongo, miguu ikafa, nikawa nasikia vyuma vinagongana sahanini. Utumbo ulikuwa umekuwa wa rangi ya zambarau. Wakaufunika kwa kitambaa chenye maji ya moto wakasubiri, ukarudi mwekundu taratibu. Daktari aliniambia baadaye, "Tungengoja kidogo tu, tungekata." Nilikaa siku kadhaa bila kula. Nikikohoa nakumbatia mto, naona tumbo linataka kupasuka. Nesi kila asubuhi anauliza, "Hewa imetoka?" Ilipotoka, wodi nzima ilisikia, na nesi akasema, "Mungu ni mwema!" Sijawahi kupongezwa hivyo hata kwa suti.

Nilipoteza nguvu zote. Ndoo ya maji sikuruhusiwa kugusa kwa miezi. Mke wangu ndiye alichota, ndiye alipasua kuni, ndiye aliniogesha kwenye beseni. Siku moja ananikanda kidonda kwa maji ya chumvi, moyo ukashindwa, nikamuuliza wazi: "Mama Majura, wewe unamtaka Magesa?"

Hakuacha kukanda. "Nilimtazama. Macho hayana pazia. Mnadani Bunda watu wanatazamaga fahali siku nzima, jioni kila mtu anarudi kwao."

"Ulisema, 'Mwanaume huyo.'"

"Nilisema. Na wewe uliponishonea gauni la harusi kwa chandarua, kwa kuwa kitambaa hakikuwepo nchi nzima, nilisema nini?"

"Hukusema kitu. Ulilia."

"Basi." Akakamua kitambaa. "Inua mguu."

Ndiyo ushuhuda wangu. Namshukuru Mungu, yule daktari, na yule nesi wa hewa. Siwakatazi vijana. Magesa amebeba miaka yote na hana hata kikohozi. Lakini msimcheke asiyebeba, hamjui amefungwa nini chini ya suruali. Mdogo wangu anashusha magunia ya dagaa Mwigobero kutwa nzima, jioni abebe tena ya nini? Mwingine ana mgongo, mwingine ana presha. Mwingine anapenda tu kutembea, naye atafika. Na wewe unayebeba, ukiona uvimbe unatoka na kurudi, usione haya, usitafute sarafu wala mpira wa baiskeli. Nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Na usibebe kwa ajili ya macho ya mtu, kwa sababu utabeba mara ya pili.

Mimi nimepona ngiri. Wivu, nisiwadanganye, bado ninao, hauna mkasi wa kuukata. Wala hilo haliondoi shukrani zangu. Magesa yuko hapa, benchi la tatu, na fulana yake ile ya kubana. Simama, ndugu yangu, watu wamwone aliyenibeba. Simama vizuri, usione haya. Huyu ndiye, jamani, mpigieni makofi.

Haya, kaa sasa. Inatosha, Magesa, kaa.

Mama Majura, tazama huku.