Mume Wangu Hataki Watu Wanione Nikitembea

Assalaam aleikum wapendwa. Admin, nifichie jina tafadhali, huku kusini tunajuana.

Nina miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili, nimeolewa karibu na Msambweni. Mwaka jana ganzi ilinianza nyayoni, ikapanda. Siku ya nne sikuweza kusimama wala kushika kijiko. Daktari akasema kinga ya mwili wangu imeshambulia mishipa ya fahamu, lakini nikifanya mazoezi ya viungo kwa bidii nitatembea tena.

Mume wangu aliniuguza, siwezi kusema uongo. Alinilisha, aliniogesha, alinibadilisha nguo zilizochafuka. Kijiji kizima kikamsifu. Msikitini akatajwa kuwa mfano wa waume. Mama yangu akija kutoka Jego humshika mikono akilia, "Pepo yako iko hapahapa, mwanangu."

Dada wa mazoezi alikuwa akija kila Jumatatu na Alhamisi. Nilikuwa nimeanza kusimama nikishikilia kiti. Ghafla akaacha kuja. Mume wangu akaniambia, "Amekata tamaa na wewe. Tushukuru kwa tulichonacho." Nililia, nikaamini. Miezi mitatu nikalala tu, miguu ikaisha kama vijiti.

Siku moja yule dada alikuja kwa mgonjwa wa jirani, akaniona nimekalishwa mlangoni. Akashtuka. "Kumbe upo? Mumeo alinipigia simu akasema umehamia kwenu Jego!"

Nikamweleza nilivyoambiwa. Nikamwomba asiseme kitu. Tukaanza upya, asubuhi mume akiwa kazini. Nimeanguka, nimejikojolea kwa maumivu, nimemtukana dada wa watu, lakini nikaweza kutoka chumbani hadi jikoni kwa mkongojo.

Mwezi uliopita mume alirudi mapema akanikuta nimesimama nakoroga mchuzi. Hakusema alhamdulillahi. Alisema, "Nani mwingine amekuona?"

Alasiri hiyo wakaja wageni. Niliposhika mkongojo akaniwahi, akanibeba mikononi mpaka sebuleni huku nikimnong'oneza aniweke chini. Wageni wakasema mashaallah. Yeye akatabasamu. Wallahi, jasho lake lilivyonigusa shingoni nilisikia kinyaa ambacho mpaka leo hakijanitoka.

Walipoondoka nikamuuliza kwa nini alimdanganya yule dada. Hakukana. "Kabla hujaugua, mimi nilikuwa nani? Leo nikipita watu wanasimama kunisalimu."

Sasa akinigusa mwili unanisisimka. Chakula alichokishika hakipiti kooni. Nimemwambia mama, akanijibu, "Waume wangapi wangekutupa? Usikufuru." Na kweli, ni mikono hiyohiyo iliyonisafisha nilipokuwa sijiwezi. Hilo ndilo linalonichafua roho zaidi.

Ijumaa hii wazee wanakuja kunisomea dua nipone. Ameniagiza nilale, nijifunike miguu. Nikitoka kwa miguu yangu, nitamwaibisha mbele ya watu mtu aliyenilisha kwa mkono wake. Nikilala, nitakuwa nimewaacha wazee wamwombe Mungu kitu ambacho ameshanipa.

Nishaurini ndugu zangu. Nyinyi mngetoka, au mngelala?