Dereva Aliyetolewa Sadaka

Gari la Tajiri lilikuwa refu hivi kwamba taa za mbele zilifika ofisini saa mbili na buti ikaja saa mbili na nusu. Lilikuwa jeusi, viti vya ngozi, na mlango wake ukifungwa ulitoa sauti ya mtu aliyeshiba. Dereva alikuwa amelipangusa kwa miaka kumi na tisa. Rimu alizisugua kwa mswaki wa meno, na mswaki huo ulikuwa mpya kuliko alioutia kinywani mwake mwenyewe.

Alikuwa na jambo moja tu moyoni: siku Tajiri akilichoka, ampe yeye. Angeacha kazi, awe analikodisha kubeba maharusi. Mkewe alikwisha kununua tepe za kulipamba, nyeupe na za rangi ya dhahabu, akazificha chini ya kitanda. Kaka wa mkewe, muuza matairi mwenye ulimi kama wembe, kila akija alichungulia uvunguni.

"Shemeji, bibi harusi mwenyewe ndiye huyu anayelala sakafuni?"

Miaka ikapita, Tajiri hachoki. Basi Dereva akaamua kumchosha. Chini ya boneti kulikuwa na fyuzi ya pampu ya petroli, ndogo kama ukucha wa mtoto. Akawa anaichomoa na kuitia mfuko wa shati. Tajiri akishajinyoosha nyuma na gazeti lake, ufunguo unazungushwa, gari linakohoa tu. Dereva anashuka, anafungua boneti, anagongagonga, anabembeleza, "Mama, usituaibishe," anairudisha fyuzi kimyakimya, gari linanguruma. Mafundi wakiitwa, linawaka mara ya kwanza, wanaondoka wakitikisa vichwa.

Mwezi wa tatu Tajiri akakunja gazeti. "Hili linakusikia wewe tu."

"Tumezoeana, mzee."

"Nimelichoka. Jumamosi nalitoa. Lisafishe mpaka ling'ae."

Dereva alikwenda moja kwa moja kuchukua mswaki wa rimu. Hakuuliza linatolewa kwa nani, nani tena? Alilisugua siku tatu, hata inzi aliyetua juu yake aliteleza akavunjika mguu.

Jumamosi Tajiri akamwelekeza kulia, kushoto, kulia, mpaka kwenye geti la kituo cha watoto yatima. Watoto sitini walikuwa wamepangwa mstari juani. Mpiga picha alikuwa tayari.

"Mzee, sisi tuliomba tangi la maji," Mlezi wa kituo alisema kwa upole. "Watoto wanateka kisimani."

"Hili lina kiyoyozi," Tajiri akajibu, akaanza hotuba.

Hapo Dereva akajisogeza kwenye boneti kama anayefuta vumbi, akachomoa fyuzi. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: lisipowaka watalikataa, na Tajiri kwa hasira atamtupia yeye. Mlezi akaketi, akazungusha ufunguo. Gari likakohoa. Akazungusha tena. Watoto wakaanza kucheka, mpiga picha akashusha kamera, shingo ya Tajiri ikajaa jasho.

Lakini mtu hatajiriki kwa kukosa la kusema. Tajiri alicheka, akamwekea Dereva mkono begani.

"Nilisahau kuwaambia. Gari hili halimtii mtu mwingine. Basi nawapa pamoja na dereva wake."

Makofi yakapigwa.

"Mzee, na mshahara wangu?" Dereva alinong'ona.

"Hawa ni yatima. Unataka kuwadai yatima? Tabasamu, unapigwa picha."

Kituo hakikuwa na pesa za petroli wala safari. Gari likaegeshwa nyuma ya stoo, kuku wakataga kwenye viti vya ngozi. Dereva akapewa ndoo mbili. Alipanda na kushuka kisimani mchana kutwa, na kila akipita alijipapasa mfuko. Fyuzi ipo. Alikuwa akingoja Mlezi achoke na yeye, aseme, "Baba, kokota kopo lako uende nalo."

Asubuhi moja mfuko ulikuwa mtupu. Akadhani imedondokea kisimani. Aliinama juu ya kisima mpaka watoto wakamshika shati.

Kumbe mkewe aliiona akifua, akamwonyesha kaka yake, naye muuza matairi hahitaji kuelezwa mara mbili. Jioni ile alikuja kituoni, akalizunguka gari, akapiga teke gurudumu.

"Linawaka?"

Mlezi akamtazama Dereva. Dereva akatazama chini. "Limekufa," alisema, maana bado alilitaka.

"Basi nawapa bei ya chuma chakavu," muuza matairi alisema, "na tangi la maji nawaletea mwenyewe."

Mlezi alikubali kabla kuku hajamaliza kutaga. Waliposhikana mikono, muuza matairi alifungua boneti, akatoa kitu kidogo mfukoni, akakichomeka. Gari likanguruma, kuku wakaruka madirishani.

"Na mimi?" Dereva alimwuliza Mlezi.

"Tangi halina usukani, baba. Hizo ndoo zirudishe stoo."

Gari likampita taratibu getini, na kwa urefu wake alipata muda wa kuona kila kitu: usukani, shemeji yake akipiga mluzi, kisha, baada ya kitambo, kiti cha nyuma. Mkewe, aliyekuwa amemfuata kaka yake, alikuwa ameketi pale, tepe mapajani, akipangusa kinyesi cha kuku kwa kitambaa.

Akateremsha kioo. "Ugali uko jikoni," alimwambia. "Leo tuna maharusi, nitachelewa."

Buti ndiyo iliyokuwa ya mwisho kupita.