Kompyuta Iliyovikwa Bafta ya Mama

Haya ninayokueleza yalinikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Quionga, na anayetaka kubisha aje nyumbani amwone mama. Mimi si mtu wa kuona majini. Ninakaanga vitumbua na kuviuza barazani, ulimi wangu ni mkali, na wanawake wa mtaani wakianza kusimuliana habari za mashetani mimi ndiye ninayewaharibia kwa kicheko. Basi jua kwamba anayekusimulia si mwoga.

Nyumbani kwetu kulikuwa na kompyuta. Usiwazie hizi nyembamba za kukunja. Hii ilikuwa na sanduku zito, kioo chenye mgongo mkubwa, na spika mbili za kuweka pembeni. Mdogo wangu Amade aliipata Mocímboa da Praia kwenye ofisi iliyokuwa inatoa vyombo vyake vya zamani, akaileta kwa mashua, imeviringishwa ndani ya godoro. Kwa kompyuta hiyo aliwachapia watu maombi yao ya kazi, akawatolea picha za harusi, nasi tukala. Tulipokimbia vita na kurudi, tulikuta mabati yameng'olewa, televisheni imekwenda, hata vyungu vimekwenda, kompyuta ipo. Wezi waliikataa! Mama alicheka siku ile, kisha akalia, kwa sababu Amade hakurudi nasi.

Amade alikuwa amekwenda Palma kununua karatasi siku watu walipotawanyika. Jirani mmoja alisema alimwona kwenye njia ya Pundanhar, anatembea na wengine, mguu mmoja hauna kiatu. Baada ya hapo hakuna aliyemwona. Yu hai? Kafa? Hatukujua. Shehe alimshauri mama tumsomee hitima, mama akakataa katakata. Alisema hawezi kumsomea hitima mtoto ambaye hakuna aliyeiona maiti yake.

Tena alikuwa na sababu nyingine. Amade, kwa utundu wake, alikuwa amerekodi sauti yake mwenyewe akaiweka pale mashine inapowaka. Badala ya ule mlio wa kawaida, unasikia: "Mama, nimefika. Nipakulie!" Ndivyo alivyokuwa akisema kila siku akiingia mlangoni. Basi mama akawa anaiwasha kila siku baada ya alasiri, kwa betri ya sola. Sauti ikitoka anaitikia, "Karibu, mwanangu," kisha anaizima. Hakuwa na haja nyingine nayo. Mimi nilikuwa natoka nje, maana sikuweza kuvumilia.

Sasa mashine ikaanza kuzeeka vibaya. Inakwama, inanguruma, siku nyingine haiwaki mpaka uipigepige ubavuni. Asubuhi moja nikamwita senhor Lino, mtumishi wa serikali anayejua kutengeneza kompyuta, aliyeletwa kwetu kutoka Zambézia kufanya kazi kwenye posto, yaani ofisi ya utawala. Kijana mpole, Kiswahili chake kina mashimo. Akaifungua, akatikisa kichwa.

"Mana, disco yake inakufa," akaniambia. Mana ni dada, disco ni diski inayotunza kila kitu ndani ya mashine, ndivyo wanavyoita kwao. "Msiwashe tena. Iache ipumzike. Mimi natoa ile sauti, naweka kwenye simu yako, pronto. Lakini vifaa viko kwangu. Lete leo. Kesho mimi naondoka, nimehamishwa."

"Sauti itatoka nzima?"

"Kama disco inakubali kuwaka mara moja, mana. Moja tu inatosha."

Umeelewa, basi, nilichopaswa kukifikisha? Mdogo wangu yote aliyotuachia yalikuwa mle ndani, na tulikuwa na nafasi moja.

Nilitaka kutoka mapema. Mama akanichelewesha mpaka jioni. Alisema chombo kilichotutumikia hivi hakitoki ndani uchi. Akafungua sanduku lake la nguo, akatoa bafta nyeupe. Wazee wetu unawajua: wanajinunulia sanda wakiwa hai, wanaihifadhi pamoja na karafuu maiti, ili siku yao ikifika wasimsumbue mtu. Bafta hiyo ndiyo aliyoivika kompyuta. Akaizungushia taratibu, akaifunga kwa vipande vyake juu, katikati na chini.

"Mama, watu watanicheka," nikasema.

"Wacheke. Na huyo senhor mwambie akifungua aseme bismillahi."

Kioo na spika tuliviacha mezani, kwa kuwa senhor Lino alitaka sanduku tu. Hilo la spika likumbuke.

Nikajitwika. Jua lilikuwa limeshazama, adhana ya magharibi inamalizika, wanaume wako msikitini, njia haina mtu. Nilipofika kwenye minazi nikamkuta mwanamume amesimama pembeni, kanzu safi, kofia ya mkono. Sikumjua, lakini siku hizi wageni ni wengi, na hata wenyeji wengine wamerudi na nyuso tulizozisahau. Alipouona mzigo wangu akanyoosha mikono.

"Nikupokee, dada. Hii si kazi ya wanawake."

Nikampa. Usinishangae! Kwetu mtu akikutana na jeneza njiani anaacha shughuli zake, anatia bega, hata kama marehemu hamjui. Na wenye maiti hawamkatalii, kwa sababu ni thawabu yake. Bafta ile ilinitia katika mazoea hayo kabla sijafikiri. Mtu kanyoosha mikono kwenye nguo nyeupe, na mikono yangu ikaachia yenyewe. Harufu ya karafuu maiti ikanijaa puani. Nikajiambia inatoka kwenye sanduku la mama.

Akaiweka begani, wala si kichwani, akaondoka kwa hatua za haraka huku midomo yake inasoma. Nikamfuata. Baadaye nikawa nakimbia, leso inanifunguka, na yeye anatembea tu. Mbele njia inagawanyika: kulia unakwenda posto, kushoto makaburini. Akakata kushoto.

"Kaka! Si huko! Kwa senhor Lino ni huku!"

Hakugeuka.

"Kaka, nirudishie! Nakuomba, nirudishie!"

Nilimfuata mpaka kwenye ua wa minyaa unaozunguka makaburi. Kwetu wanawake hatufuati maiti makaburini, tunaishia nyumbani. Tangu nizaliwe sijawahi kuuvuka ua ule. Siku ile nilijilazimisha niuvuke, miguu ikakataa. Niamini, nilikuwa naiamuru na haiendi. Ni mazoea? Ni hofu? Au ni yeye aliyeifunga? Mpaka leo sijui. Nilisimama pale nalia kama mtoto mdogo, naiona bafta inazidi kwenda mbali katikati ya makaburi, mwisho nikawa siioni tena.

Ndipo nikasikia.

"Mama, nimefika. Nipakulie!"

Ilikuwa sauti ya Amade, nzima, haina hata ule mkwaruzo wa spika. Niambie wewe unayejua mashine: sanduku lisilo na waya wala betri, spika zake ziko mezani kwetu, linasemaje? Nilifungua mdomo nimwite jina lake. Lakini tulifundishwa tangu utotoni: sauti ikiita wakati wa magharibi na mwenyewe humwoni, usiitikie. Nikajiziba mdomo kwa leso. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba mdogo wangu alisema amefika na mimi dada yake sikumkaribisha.

Wanaume walipotoka msikitini walinikuta pale, wakaingia na tochi. Hawakuona mtu, wala kompyuta, wala bafta. Waliona sehemu moja ya ardhi imemwagiwa maji, urefu wa mtu mzima, namna tunavyolimwagia kaburi likishafukiwa. Na mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi. Shehe akakataza mtu yeyote asichimbe. Senhor Lino naye alikuja, akasimama kando yangu na bisibisi mkononi, akasema tu, "Pole, mana. Desculpa." Kesho yake akaondoka.

Nilirudi nyumbani najiuliza nitamwambia nini mama. Nikamkuta ametandika mkeka, amewasha taa, sahani ya wali na mchuzi wa samaki iko mezani kando ya spika. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo nilikuwa sijaiona tangu siku ya kukimbia.

"Amade kafika," akasema. "Kaita hapo, kwenye spika. Nimemwitikia."

"Mama, hizo spika hazikuunganishwa na kitu."

"Najua. Si umekwishaipeleka?"

 Wewe ungemjibu nini?

Tangu hapo anapakua kila alasiri. Anaweka sahani kando ya spika, anaifunika kwa kawa, anakwenda kuswali. Akirudi wali haupo. Paka hatuna. Mama mwenyewe wali hali jioni, unampandisha sukari. Na mimi ile sahani siwezi hata kuigusa.

Shehe anasema sasa hitima isomwe, Amade keshafika kwa Mola wake. Nilimweleza mama, akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili.

"Utamsomea hitima mtu anayekula?"

Nikajaribu njia nyingine. Nikamnunulia bafta mpya, nikamwambia aiweke sandukuni badala ya ile iliyopotea. Akaipapasa, akanirudishia.

"Ya nini tena? Yangu kaivaa Amade," akasema, kisha akaendelea kupakua.

Kwa hiyo anajua. Anajua mwanawe amevikwa sanda, na bado anampakulia. Nikisisitiza hitima, ni kama namfukuza mdogo wangu nyumbani kwao. Nikiacha, nimemnyima dua za ndugu zake. Nimezunguka kote, sina pa kushika.

Wewe unayenisikiliza, kama kwenu ipo mashine kuukuu na ndani yake imo sauti ya mtu wenu, itoe leo, maadamu mashine bado inawaka. Usingoje ianze kunguruma. Ukiipeleka kwa fundi, ipeleke mchana, ndani ya gunia, na mtu usiyemjua akikunyooshea mikono, mkatalie, hata akikuona huna adabu. Mimi sikumkatalia, na sasa nakaa na mama anayezungumza na spika. Alasiri imeshaingia hapa, nasikia mwiko unagonga sufuria. Samaki wa leo nimemchagua mimi mwenyewe sokoni. Nimechukua tasi, maana ndiye samaki ampendaye Amade.