Maji Niliyomwaga Ndani ya Oveni

Je, maji yalifika kwenye nyaya? Swali hilo lilininyima usingizi tangu Jumanne, na mchana lilinifuata hadi sokoni Daraja Mbili, ambako nilisimama mbele ya muuza mboga za sukuma nikasahau nilichotumwa.

Oveni ni ya dada yangu. Alipohamia ng'ambo aliiacha kwetu, Kisii mjini, na mama, ambaye hupikia jiko la makaa, akaigeuza mahali pa kuivishia ndizi. Hakukosea sana. Mlango wake hufunga vizuri, na chane za ndizi kutoka shambani kwetu Magwagwa, zikifunikwa humo kwa majani makavu, huiva zote pamoja. Lakini nilipoamua kuoka keki, baada ya mwaka mzima wa kukaa nyumbani na shahada yangu ya mipango ya miji, nilikuta sakafu ya oveni imeganda utomvu mweusi kama lami.

Jirani yetu, mama wa Kiislamu mwenye duka la vitambaa, alikuwa ameagiza keki ya Jumamosi, sherehe ya binti yake aliyehitimu kusoma Kurani. Ilikuwa oda yangu ya kwanza.

Basi Jumanne niliisafisha kama tunavyosafisha sufuria nyumbani: jivu, waya wa kusugulia, kisha jagi zima la maji ya moto. Maji yakatiririka nyuma, upande wa koili ya kupasha moto. Plagi ilikuwa bado ukutani.

Ndipo nikakumbuka kijitabu cha maelekezo kwenye droo. Chomoa plagi. Subiri ipoe. Futa kwa kitambaa kilichokamuliwa, na uchafu ulioganda uupake magadi ya kuokea. Mpira wa mlango usiusugue. Usimwage maji ndani. Mstari huo wa mwisho niliusoma mara nyingi, kana kwamba ungebadilika.

Siku tatu niliacha mlango wa oveni wazi. Nilifuta, nikanusa, nikafuta tena. Kila nilipopeleka kidole kwenye swichi nilikirudisha; hata plagi niliogopa kuigusa. Akilini niliona nyumba ikiungua, nikamwona mama akirushwa na stima ya swichi, kisha nikaiona keki ikiiva vizuri tu, nami nikiwa nimejisumbua bure.

"Baba, hiyo ni oveni ama mgonjwa?" mama aliniuliza. "Kila saa unaichungulia."

"Inakauka."

"Tangu Jumanne? Na ndizi zangu zimelala sakafuni kama wageni waliokosa kitanda."

Nilichukua kitambaa, nikaifuta tena.

Ijumaa asubuhi jirani alisimama kwenye ua. "Kijana wangu, keki inaendeleaje?"

"Inaendelea, mama."

"Inaendelea kwenda wapi? Sisikii hata harufu."

Alicheka akaenda dukani. Nilibaki nimechoka, uchovu wa mtu ambaye hajafanya lolote. Nikampigia fundi mmoja wa umeme wa Ogembo anayetufahamu, nikamweleza kuhusu maji.

"Umeiwasha?" akauliza.

"Hapana."

"Basi usiiwashe. Chomoa. Jumatatu nitakuja nifungue mgongo, nipime koili."

"Na nikiiwasha kidogo tu, nione?"

"Wewe si umesoma? Nimesema Jumatatu."

Nilichomoa plagi. Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi mbichi.

"Mama, nilimwaga maji ndani ya oveni. Usiiguse hadi fundi aje."

Kisu kilisimama. "Kwa hiyo siku zote hizi ulikuwa unailinda isiniue?"

"Ndiyo."

"Ungesema tu, baba."

"Na ndizi zisirudi humo. Utomvu wake ndio ulioniingiza kwenye haya."

"Hilo tutaliongea," alisema, akaendelea kumenya.

Nikaenda dukani kwa jirani. Nilimweleza kwamba oveni haitumiki, kwamba keki itaokwa kwa makaa ndani ya sufuria, kwamba huenda ikainama upande mmoja, na kwamba akitaka kuagiza kwingine bado kuna muda. Alinisikiliza hadi mwisho huku akikunja kitambaa.

"Mimi niliolewa kwa keki ya makaa," alisema. "Ilete."

Nilirudi nyumbani, nikawasha jiko, nikapaka sufuria kubwa siagi. Nilipoona makaa yameshika moto, nilimimina unga uliokorogwa, nikafunika, nikapanga makaa mengine juu ya kifuniko.