Siku Niliyokataa Kung'oa Jino Zima

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla mlinzi hajafungua geti. Kliniki ilikuwa Muhima, mtaa wa Kigali, juu ya duka la vitambaa, na chumba cha meno kilikuwa na kiti kimoja, taa moja na dirisha lililotazama kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Nilikuwa nimekulia na kusomea Tanzania. Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni kwa mama. Daktari Mfawidhi, mkuu wa kliniki, aliitazama mikono yangu kabla ya kutazama vyeti.

"Midogo," alisema. "Lakini kung'oa jino si nguvu. Utajifunza."

Nilijifunza kweli. Mgonjwa alionyesha kwa kidole panapouma, tukachoma sindano ya ganzi, tukashika koleo. Daktari Mfawidhi alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote niliowahi kuwaona, na baada ya miezi michache wagonjwa walianza kusema mkono wangu unaufuata wake. Nilitembea Muhima kichwa juu.

Mwezi wangu wa nane kazini akaja Mama Zubeda, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, akiwa amejifunga mtandio kuanzia kidevuni hadi utosini. Alikuwa ameshang'olewa magego mawili kwingine, na maumivu hayakupungua hata kidogo. Dada yake aliyemsindikiza alinivuta pembeni.

"Muganga, hili ndilo la mwisho. Meno mawili yametoka, bado analia. Nyumbani wameshasema shida iko kichwani, tumpeleke Ndera."

Alimaanisha hospitali ya magonjwa ya akili. Kutibiwa huko si aibu, na nimewatuma wagonjwa huko mwenyewe. Lakini huyu mama alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri hukumu.

Daktari Mfawidhi alikuwa amempima asubuhi na kuandika kwenye kadi: gego la mwisho, chini kulia, ling'olewe. Nilijaza sindano. Kisha, sijui kwa nini, nikaligonga jino lile kwa mpini wa kioo cha kuchunguzia meno. Hakushtuka. Nikalimwagia maji baridi. Hakushtuka. Halikuwa na tundu wala ufizi uliovimba.

Nikaweka sindano chini, nikamwekea vidole viwili mbele ya masikio, mahali ambapo taya la chini linaungana na fuvu. Kile ndicho kiungo cha taya. Ndani yake mna kisahani laini cha gegedu kinachoteleza kila tunapotafuna au kusema.

"Fungua mdomo polepole, mama."

Kiungo cha kulia kilialika, kikatoa mlio wa kukatika chini ya kidole changu, na kidevu kikaenda upande. Mdomo ulifunguka upana wa vidole viwili tu. Mtu mzima huingiza vitatu. Nikabonyeza msuli wa shavuni, ule unaotuna unapokaza meno. Aliukamata mkono wangu.

"Hapo," alisema. "Hapo hapo. Miaka miwili ninawaambia watu."

Nilimuuliza anavyofanya kazi. Alizoea kukata uzi kwa meno na kushika pini mdomoni, na tangu mumewe afariki aliamka asubuhi taya limekaza kama ameuma jiwe. Alikuwa anasaga meno usingizini.

Nilimwita Daktari Mfawidhi, nikamwambia sitaling'oa jino lile. Aliichukua kadi mezani.

"Una miezi mingapi hapa?"

"Minane, Daktari."

"Na mwandiko huu ni wa nani?"

"Ni wako, Daktari. Naomba umshike hapa kwanza."

Nilijua naweza kurudi nyumbani siku hiyo bila kazi. Alinawa mikono taratibu, akaweka vidole mbele ya masikio ya mama yule, akamwambia afungue, afunge, afungue tena. Akarudia mara ya tatu. Kisha akachukua kalamu, akakata mstari juu ya maneno yake mwenyewe.

"Mama, utuwie radhi," alimwambia. "Jino lako ni zima." Kisha akavuta kigoda, akakaa kusikiliza nilivyomweleza mgonjwa.

Nilimweleza kwamba maumivu yake ni ya kweli, na huzuni inaweza kuukaza msuli kama kazi nzito inavyofanya. Akate uzi kwa mkasi. Midomo ifungwe, lakini meno ya juu na ya chini yasigusane. Ale vyakula laini wiki chache, akande shavu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, afanye mazoezi ya kufungua mdomo mbele ya kioo. Tulimtengenezea kikinga cha plastiki cha kuvaa akilala. Dada yake nikamwomba awe anakaa naye jioni, wazungumze.

Wiki ya sita alikuja bila mtandio kidevuni, akaingiza vidole vitatu mdomoni mwenyewe kunionyesha. Kiungo kilikuwa bado kinaalika. Nikamwambia mlio peke yake si ugonjwa. "Basi na kilie," alijibu, "mimi jana nimekula mishikaki."

Baadaye nilihamishiwa kituo cha afya cha nje ya mji, kisha hospitali kubwa, ambako Mkurugenzi wa Tiba alinikabidhi chumba cha maumivu ya taya na uso. Huko nilijifunza pia kutojiamini kupita kiasi. Mkulima mmoja aliletwa kwangu kwa sababu taya lilimuuma kila alipopanda kilima na kutulia alipopumzika. Kiungo chake kiliteleza laini kama mafuta, nikashuku kwamba maumivu yanatoka moyoni. Nilimpeleka mwenyewe kwa daktari wa moyo, na alifika kwa wakati.

Nimestaafu sasa. Vijana wananiuliza najivunia nini, nami siwafichi kwamba najivunia sana. Fundi wa nyumba huonyesha ukuta. Mimi cha kuonyesha sina, kwa sababu kazi yangu bora ni ile ambayo sikuifanya: meno niliyoyaacha mahali pake. Nikialikwa harusini hukaa karibu na meza za chakula, nikawatazama watu wa Kigali wakitafuna.