Nasieku arudi darasani kumalizia somo la ujazo

Saa kumi na mbili asubuhi, Kitengela. Nasieku Lemein anafungua bomba la kibanda chake cha maji, na foleni ya mitungi ya njano inasogea. Mtungi wa lita ishirini ukijaa hadi shingoni, anafunga bila kumwaga tone.

"Hii kazi mkono wangu umeizoea," anasema mama huyu wa miaka 43. "Lakini mimi nilikuwa nataka kujua ile hesabu yake."

Hesabu hiyo ilimponyoka akiwa darasa la tano, kijijini Kajiado. Mwalimu alikuja na kisanduku cha bati, sentimita kumi kila upande, akaahidi kwamba kesho yake wangekijaza maji na kuyamimina kwenye chupa ya lita. Darasa zima lilibishana. Wengine walisema yatafurika, wengine hayatafika hata nusu.

Nasieku hakuiona kesho hiyo. Ukame ulikuwa umemaliza nyasi, na alfajiri babake aliswaga ng'ombe kuelekea Illasit, familia nzima ikifuata.

"Njiani nilikuwa nauliza mama, 'Yeyo, unafikiri yalitosha?' Yeye alidhani naongea juu ya maji ya ng'ombe."

Hakurudi shuleni. Aliolewa, akamzaa Hillary, akafiwa na mume, akahamia mjini. Hadi leo, watoto wenye sare wakipita kibandani, yeye huwasindikiza kwa macho mpaka wapotelee kwenye kona.

Mwaka jana alijiunga na darasa la watu wazima la Jumamosi. Siku ya somo la ujazo ilipofika, maji nayo yakarudi baada ya mgao wa wiki nzima. Wateja walijaa hadi barabarani. Jirani yake Syokau, muuza mboga, alimpokonya paipu mkononi.

"Mama Hillary, wewe enda shule. Hawa niachie mimi."

Alifika akihema. Mwalimu Wanyonyi akamkabidhi kisanduku kilichojaa maji. Akamimina polepole. Maji yakapanda kwenye chupa, yakagusa alama ya lita, yakatulia hapo hapo.

"Sentimita elfu moja za ujazo," mwalimu akasema. "Lita moja kamili."

Nasieku akalia mbele ya wenzake.

"Nilikuwa naona kale kasichana kako nyuma ya ng'ombe," anaeleza. "Kalikuwa bado kanangoja jibu."

Sasa anajiandaa kwa mtihani wa kumaliza masomo ya msingi.

"Nikipita, natafuta sekondari. Sare nitashonewa. Watoto wakitaka kuniita nyanya, waniite tu, lakini dawati la mbele ni langu."