Mmoja Tu wa Dewitt Lasseter

Mume wangu Dewitt Lasseter amekula kwenye meza za watu wengi kuliko mchungaji yeyote wa kusini mwa Georgia, na hakualikwa hata siku moja kwa ajili ya sura yake. Kazi yake ilikuwa kukitafutia wachezaji Chuo cha Quillen, chuo kidogo ambacho uwanja wake umepakana na shamba la karanga. Mpira ninaousema ni huu wetu wa kofia ngumu na kugongana, ambao watu wa hapa huahirishia hata harusi. Kila Desemba vijana wanaomaliza shule huketi mezani mbele ya kofia za vyuo vinavyowataka, kila mmoja akavaa ya chuo alichokichagua, na kina mama wakalia. Tunaiita siku ya kofia. Mara nyingi kofia yetu, ya kijani, ilibaki mezani.

Wapo watu wanaolipwa kuwagawia vijana hawa nyota, kuanzia moja mpaka tano. Wenye tano huenda Chuo Kikubwa. Kina jina lake, lakini nyumbani kwetu hatulitaji. Chuo Kikubwa huchukua nyota na hushinda, mwaka nenda mwaka rudi. Sisi tuliokota waliobaki: mfupi mno, mzito mno, aliyevunjika goti akiwa darasa la kumi.

"Nyota haziingii uwanjani," Dewitt aliwaambia wazazi huku akijiongezea mchuzi. "Wanaoingia ni watu."

Nilimsikia akilisema hilo sebule baada ya sebule, na wazazi wakiitikia kwa vichwa. Tukishaingia kwenye pikapu kurudi nyumbani, alisema jingine.

"Earline, nataka mmoja tu. Mmoja wa kweli, kabla sijastaafu."

"Una mke wa kweli. Ridhika."

Alicheka, lakini nilijua hatanii. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mume wangu alikuwa amekubali kushindwa mara nyingi, kwa adabu zote. Alichokosa ni kumshika mkononi, hata mara moja, yule ambaye Mungu hakumpunja chochote.

Tulimpata kwenye mnada wa ng'ombe. Ndama dume mkubwa aliruka uzio akaingia kwenye maegesho, na wanaume wazima wakaanza kumkimbiza, wakiteleza kwenye mavi na kutukana mbele ya wake za wachungaji. Ndipo akatokea kijana mrefu, mwembamba, amevaa viatu vya mpira vya bibi yake. Hakukimbia. Alisimama mbele ya ndama, akachuchumaa kidogo, akaanza kusogea ubavuni naye, kushoto, kulia, kushoto, na miguu yake haikupishana hata mara moja. Ndama akajaribu kila upande akamkuta. Mwisho kijana alimkumbatia shingoni na tumboni, akamnyanyua, akamlaza chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.

Dewitt alinipiga kiwiko mbavuni. "Umeona?"

"Nimeona ndama."

"Ndama gani! Miguu, mwanamke! Angalia miguu!"

Alikuwa na machozi, mzee mzima, katikati ya mnada.

Kijana aliitwa Kendarius Mobley, na alilelewa na bibi yake, Bi Ozella. Hakuwa na nyota hata moja, kwa sababu shule yao ndogo haikuwa imeshinda mechi tangu walipobadilisha paa. Tulienda kwake Jumapili nyingi. Bi Ozella alipika mkia wa ng'ombe, maharage na mkate wa mahindi, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko pilipili yake.

"Kocha, umekuja kumchukua mjukuu wangu au sufuria yangu?"

"Vyote viwili, Bi Ozella, ukiniruhusu."

"Sufuria niachie. Huyu mwingine anakula kuliko wewe."

Mwezi wa Machi, Kendarius alimpa Dewitt mkono na neno lake: atakuja Quillen. Bi Ozella akaliombea neno hilo, sote tumeinamisha vichwa. Dewitt aliendesha gari mpaka nyumbani bila kuwasha redio. Mmoja wake alikuwa amempata.

Sasa, mtu wa chuo kidogo akipata kitu kama hicho, sheria ni moja: hufungi tu mdomo, unaushona. Humtaji kanisani, humtaji kwa kinyozi. Dewitt aliijua sheria hiyo kuliko mtu yeyote, na mwezi wa Juni akaniambia anampeleka Kendarius kwenye kambi ya kiangazi ya Chuo Kikubwa, akajifunze kutumia mikono.

"Dewitt, umerogwa? Kifaranga unampeleka mwenyewe kwa mwewe?"

"Ni siku moja tu. Wana vijana mia nne pale. Nani atamwona?"

Nilienda nao, maana niliogopa kumwacha peke yake na upumbavu ule. Siku ilikwenda salama mpaka walipopangwa wawili wawili, mlinzi dhidi ya mshambuliaji, mlinzi apite na mshambuliaji amzuie. Kendarius aliangukia kwa kijana mwenye nyota tano, mnene kama friji, ambaye picha yake ilikuwa imebandikwa hata kwenye kituo cha mafuta. Filimbi ikalia. Kendarius akasogea kushoto, kulia, kushoto, na yule wa nyota tano akajikuta amekumbatia hewa. Wakarudia. Ikawa hivyo hivyo. Mimi, nisiyejali mpira, nilijikuta nimesimama.

Ndipo nikamwona mume wangu akimpiga kiwiko mtu aliyesimama kando yake. Alikuwa kocha wa Chuo Kikubwa, nembo ipo kifuani, kubwa kama sahani.

"Mwangalie huyu wangu," Dewitt alisema.

Chema chajiuza, wanasema. Hiki kilikuwa hakijauzwa bado, mpaka mume wangu alipokipigia debe. Nilimuuliza baadaye kwa nini. Alisema, "Nisingeweza, Earline. Huwezi kuona kitu kama kile halafu ubaki nacho peke yako."

Kufikia Agosti Kendarius alikuwa na nyota tano. Helikopta ya Chuo Kikubwa ilitua kwenye uwanja wa shule yao ikapeperusha kofia ya Bi Ozella mpaka kwenye mti wa pekani.

Siku moja kabla ya siku ya kofia, Kendarius alikuja jikoni kwangu. Aliinama kupita mlangoni.

"Kocha, nilikupa neno langu," alisema. "Bibi anasema neno ni neno. Ukinishikilia, nakuja."

Nilitaka Dewitt amshikilie. Nasema wazi, nilitaka. Kocha mkuu wetu alikuwa mpya, na alishatangaza kwamba tusiposhinda atafukuza watu, na wazee ndio wa kwanza. Kijana huyu angetubakisha kazini.

Dewitt aliikunja na kuikunja taulo ya vyombo.

"Mwanangu, maisha yangu yote nimewaambia watu kwamba nyota si kitu. Nilikuwa nawauzia kofia. Nyota ni kitu. Wanaowakusanya watu kama wewe ndio wanaoshinda, na sisi tunashinda siku wao wamelala. Ukija kwetu, watakuona watu elfu nne, nusu yao wanamenya karanga. Nenda wakuone."

"Na neno langu?"

"Nimekurudishia. Mwambie Bi Ozella nimelirudisha likiwa zima."

Kesho yake Kendarius alivaa kofia nyeusi ya Chuo Kikubwa, na ya kijani ikabaki mezani. Dewitt aliikunja akaitia mfukoni.

Miaka miwili baadaye, Septemba, Quillen ilikwenda kucheza kwenye uwanja wa Chuo Kikubwa. Nilikaa juu kabisa, na kelele za watu wale nilizisikia kwenye meno. Vijana wetu wa mbele, wanaomkinga mrushaji wa mpira, wote Dewitt ndiye aliyewatoa kwa mama zao, na Kendarius aliwapita kama mtu anayesogeza mapazia. Kushoto, kulia, kushoto. Alipomfikia mrushaji wetu alimkumbatia, akamnyanyua, akamlaza kwenye nyasi taratibu. Watu elfu themanini walivuta pumzi pamoja. Sijawahi kusikia kitu kama kile tena.

Kule chini, kandokando ya uwanja, tumeshafungwa zaidi ya alama hamsini, mume wangu alimpiga kiwiko kocha mkuu. Maneno alinisimulia mwenyewe.

"Mwangalie huyu wangu."

"Wako?" kocha mkuu alifoka. "Wako ni hao waliolala chini!"

"Na hao pia," Dewitt alisema.

Desemba ile walimfukuza kazi. Sikushangaa.

Lakini jioni ile ya Septemba, mechi ilipokwisha, nilishuka mpaka kwenye uzio. Dewitt alikuwa amesimama na Kendarius, amemshika mkono, na maneno yamemwishia, yeye aliyezungumza kwenye sebule zote za kusini mwa Georgia. Kijana akavua kofia ngumu, akainua macho akaniona.

"Mama Lasseter," aliita, "umeona?"

"Nimeona," nikasema, na safari hii si ndama.